Nepi Mchana, Pampasi Usiku

Mama mkwe alifika Tabata akitokea Mkinga, Tanga, mtoto wetu wa pili akiwa na miezi mitatu. Hata mzigo hajautua, akaitazama kamba ya uani yenye nepi nane nyeupe, akaitazama na pakiti ya pampasi juu ya kabati, akaniuliza, "Mwanangu, kwani wewe uko upande gani?"

Ndivyo jambo hili linavyochukuliwa, kama Simba na Yanga. Kuna watu wa nepi na kuna watu wa pampasi, na mwenye mguu huku na huku haeleweki. Sisi tunachanganya. Mchana nyumbani ni nepi za kitambaa, usiku pampasi moja, safarini pampasi. Katikati ya hapo tuna zile pampasi za kufua: ganda lisilopitisha maji, lenye vifungo vya kubonyeza, unaliwekea kitambaa cha kunyonya au, kwa aina nyingine, pedi ya kutupa. Tangu tuanze nimeambiwa mengi, na mengine ni kweli. Haya hapa ni yale yasiyo kweli, au yenye ukweli nusu.

"Kuchanganya ni kulipa mara mbili."

Tupige hesabu. Dukani kwetu pampasi moja ya rejareja ni shilingi 500. Mtoto anayebadilishwa mara sita kwa siku anakula 3,000, yaani 90,000 kwa mwezi. Ukibakiza mbili tu, ya usiku na ya dharura, ni 30,000. Ile 60,000 iliyobaki inunue sabuni na maji. Mimi natumia madumu matatu ya lita 20 kwa siku, na dumu kwetu ni shilingi 100. Nepi zenyewe unanunua mara moja, na zangu ndizo alizovaa kaka yake. Kwa hiyo chenji inabaki, na si haba.

Lakini hesabu hiyo ina tundu, nami nililiona dada wa kazi alipokwenda kwao wiki mbili. Kabla ya hapo nilikuwa nasema nepi hazina gharama. Bila shaka hazina, kama anayeinama kwenye beseni nusu saa kila siku si wewe. Nusu saa mara siku thelathini ni saa kumi na tano. Siku hizi anayebadilisha nepi ya choo ndiye anayeisuuza, awe baba, mama au shangazi aliyekuja kusalimia, na nimeona jinsi wapenzi wa nepi walivyopungua ghafla humu ndani.

"Pampasi inachoma mtoto, nepi haichomi."

Hili ndilo linalorudiwa zaidi, na watu wa upande wa pili wanalisema kinyume kwa uhakika uleule. Kinachomchoma mtoto ni muda. Ngozi ikikaa na unyevu inalainika na kuchubuka kirahisi. Mkojo ukichanganyika na choo, vimeng'enya vilivyomo kwenye choo vinapata nguvu na kuanza kuila ngozi. Ndiyo maana mtoto mwenye kuharisha anaweza kuwa mwekundu asubuhi moja tu, avae nini avae. Nepi iliyolowa inaushika unyevu palepale kwenye ngozi, kwa hiyo haisubiri: ikilowa, badilisha. Pampasi inauvuta unyevu ndani, kwa hiyo inasamehe zaidi, na msamaha huo ndio unaotuponza, maana mtu anaona "bado haijajaa" tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana.

Siku moja nilipasua pampasi mpya nione hicho kinachovuta. Katikati ya zile nyuzi kama pamba kuna chembe nyeupe kama chumvi laini. Nilizimiminia kikombe cha maji. Zikavimba zikawa kitu kama uji wa sagu, na nilipogeuza bakuli hakikudondoka kitu. Hiyo ni poliakrilati ya sodiamu. Wapo wanaoiita sumu. Kwa ngozi si sumu, na mkiziona chembe zake zimemganda mtoto matakoni, pampasi imechanika tu, mfuteni. Ila pampasi iliyochanika isiachwe mtoto aitafune, maana kitu kinachovimba hivyo kinaweza kumkaba.

Na poda, jamani. Poda haikaushi kama inavyodhaniwa. Ikilowa inafanya madonge kwenye mikunjo, na vumbi lake mtoto analivuta mapafuni. Osha kwa maji, kausha kwa kugusagusa, mwache matako wazi kidogo juu ya kanga, paka mafuta mazito au krimu yenye zinki. Wekundu ukiwa mkali, umeingia kwenye mikunjo na una vipele vidogo pembeni, mara nyingi hao ni fangasi. Dawa yake ni nyingine, na wa kuitoa ni mtu wa kliniki.

Kwamba pampasi zinaua uzazi wa mtoto wa kiume nimeambiwa hata na dereva wa bodaboda. Mzizi wa habari hii upo: mwaka 2000 watafiti wa Kiel, Ujerumani, walipima joto la korodani za watoto wadogo na kukuta kwamba kwenye pampasi linapanda kidogo kuliko kwenye nepi. Walipima joto. Hawakumfuata mtoto hata mmoja hadi ukubwani kuona kama atapata watoto, na hakuna uthibitisho kwamba anayevaa pampasi anakuwa tasa.

Matege nayo yanasingiziwa nepi nene. Karibu kila mtoto huzaliwa na miguu iliyopinda, na hunyooka yenyewe akikaribia miaka miwili. Isiponyooka, watu hutafuta upungufu wa vitamini D, au kwa wenzetu wa Arusha na Kilimanjaro, floridi nyingi ya maji. Miguu kukaa imepanuka ni mkao mzuri kwa nyonga za mtoto. Ndio huohuo wa mbeleko.

Mbeleko imenikumbusha jambo. Wauzaji husema pampasi ya kufua haivuji. Inategemea umeweka nini ndani. Vile vitambaa vyepesi vya nyuzi za plastiki vinanyonya haraka sana, lakini vikibanwa vinaachia, kama sponji. Nilijifunza hilo nikiwa kwenye foleni ya benki, mtoto mgongoni, nikahisi uvuguvugu unashuka kiunoni. Pamba inanyonya polepole ila inashikilia. Sasa naweka cha pamba chini na chepesi juu yake, ndani ya mfuko wa ganda, kwa sababu kile chepesi hakifai kugusa ngozi moja kwa moja. Kinaikausha kupita kiasi. Pamba mpya nayo ifuliwe mara kadhaa kabla hujailaumu. Bado ina mafuta yake ya asili, maji yanateleza juu.

"Jiki na maji ya moto vinamaliza kila kitu."

Nepi nyeupe ya pamba inavumilia jiki kidogo, ikisuuzwa vizuri. Ganda halivumilii, mpira wa mapajani unalegea na utando wa ndani unapasuka. Dawa ya kulainisha na kunukisha nguo ni adui mkubwa zaidi, kwani inazipaka nyuzi mafuta, nepi inanukia vizuri na hainyonyi. Sisi tunaotumia maji ya kisima ya chumvi tuna balaa letu: sabuni ya kipande haitoi povu, mtu anaongeza, inaganda kwenye kitambaa, nepi inakauka ngumu kama ubao na mtoto anapata vipele. Sabuni ya unga inahimili maji hayo vizuri zaidi, na maji ya mvua ukiyapata yaweke kwa ajili ya suuza ya mwisho. Madoa ya njano naliachia jua. Aniko moja la saa sita mchana linaondoa kilichonishinda kwa mikono.

Kupiga nepi pasi si maringo, kama jirani yangu anavyodhani. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai yakianguliwa, funza wakikutana na ngozi wanapenya na kuota kama majipu. Pasi ya moto, pande zote mbili na kwenye mishono, inawamaliza. Ganda lisipigwe. Letu moja liliyeyuka likanata kwenye pasi, na harufu yake ilikaa sebuleni siku mbili. Ganda lianike juani, basi.

Kuna dhana moja sicheki nayo: kwamba choo cha mtoto mchanga hakina madhara, eti ni maziwa tu. Kina vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima, na pengine zaidi. Mtoto aliyetoka kupewa matone ya polio au ya rota hutoa virusi vya chanjo kwenye choo kwa siku kadhaa, hata wiki kadhaa, na ndiyo sababu nyingine ya kunawa mikono kwa sabuni kila ukibadilisha. Choo kitupwe chooni kabla nepi haijaingia kwenye beseni, na vivyo hivyo kabla pampasi haijafungwa na kutupwa. Choo, nasema, si pampasi yenyewe. Pampasi kwenye choo cha shimo haiozi, inajaza shimo, na gari la majitaka likija mpira wake unaziba, unalipa na shimo halijapungua.

Je, nepi ndiyo rafiki wa mazingira? Shirika la mazingira la Uingereza lilipiga hesabu hiyo mwaka 2008 na kukuta kwamba, kwa matumizi ya kawaida ya kule, nepi na pampasi zinakaribiana kwa hewa ya ukaa. Anayefua kwa maji ya moto sana na kukausha kwa mashine ndiye anayeiharibu nepi. Anayeanika kambani, anayefua mashine ikiwa imejaa na kumrithisha mtoto wa pili anapunguza kwa takriban asilimia 40. Kwetu kamba ndiyo mashine, kwa hiyo hapo tuna afadhali, ila nao hawakukumbana na Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar ikaingia kwenye mgao. Wiki ile mkubwa wangu alivaa pampasi kutwa, na sikujuta. Zilizoandikwa "zinaoza" nazo zisikupumbaze; zikifukiwa dampo la Pugu Kinyamwezi chini ya takataka nyingine, hewa haifiki, na kuoza kunakuwa kwa kubahatisha.

Na la mwisho, la mama mkwe. Tunaambiwa mtoto hawezi kujua haja yake kabla ya mwaka na nusu au miwili. Mama mkwe ni Mdigo. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akampakata mtoto katikati ya mapaja, mgongo kwenye tumbo lake, akamwimbia kwa ulimi: "Shuuus." Mtoto akakojoa. Mwaka 1977 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya: wanaanza mtoto akiwa na wiki chache, na akifika miezi mitano au sita wanatarajia awe mkavu mchana na usiku. Si kwamba mtoto anakwenda chooni peke yake. Mama amemzoea, anamsoma, na kazi yote hiyo inataka mtu aliyepo karibu saa zote. Mimi narudi kazini. Mume wangu alijaribu mara moja, akaishia kubadilisha suruali.

Hata hivyo ile "shuus" ya asubuhi na ya baada ya kunyonya tuliidaka, na kamba ikashuka kutoka nepi nane hadi tano. Pakiti ya juu ya kabati mama mkwe hakuigusa mwezi mzima. Ila usiku wa kuamkia safari yake, masika inapiga bati na nepi zote tano zimening'inia mbichi sebuleni, ndiye aliyenyoosha mkono akaishusha.