Pepo Si Mangi, Haweki Daftari: Tunayodanganyana Kuhusu Gemu za Majoka Mtandaoni

Mama akinikuta sebuleni saa tano usiku nimeinamia simu, husema neno lile lile: "Mwanangu, hilo joka litakumaliza." Joka halijawahi kunimaliza. Walionimaliza ni binadamu, hesabu za bahati, na waya uliolala chini ya bahari.

Nilianza kucheza RuneScape, gemu ya mtandaoni ya mapanga na uchawi, mwaka 2006, nikiwa kidato cha pili, enzi zile gemu inafunguka ndani ya kivinjari cha kompyuta ya cyber na unalipia kwa nusu saa. Leo naicheza kwenye simu, lile toleo la zamani lililorudishwa 2013 na kuingia kwenye simu Oktoba 2018. Kwa muda wote huo nimesikia mengi kuhusu gemu hizi, ya wanaozicheza na ya wasiozicheza, na mengi ni ya kuokota barabarani.

Dhana: Ni mambo ya kishetani, Freemason wako nyuma yake

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani wa karatasi, penseli na dadu: mmoja anasimulia pango, wengine wanasema wanafanya nini humo. Mwaka 1978 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw, akaanza kuandika pango la aina hiyo kwenye kompyuta, watu wengi waweze kuingia kwa pamoja. Mwenzake Richard Bartle akaliendeleza. Hapakuwa na picha hata moja. Unaandika "kaskazini", unajibiwa umefika wapi. Gemu zote hizi za mapanga na uchawi ni wajukuu wa vitu hivyo viwili.

Hofu ya shetani ilivuma Marekani miaka ya 1980, ikapoa, na kwetu imefika kama mtumba. Kinachonishangaza ni kwamba sisi tumelelewa na Liyongo, asiyepenywa na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Mchezaji yeyote akisikia kisa hicho atauliza jambo moja tu: hiyo sindano inapatikana wapi?

Dhana: "Moja kati ya 512" maana yake ukiua 512 unapata

Hii ndiyo imewatoa watu machozi kuliko joka lolote. Kwenye RuneScape kuna pepo wa kuzimu anayeangusha mjeledi, na nafasi ya kuupata ni moja kati ya 512 kila unapomuua. Basi mtu anajipigia hesabu: naua hamsini kila jioni, baada ya siku kumi na moja nina mjeledi. Siku ya kumi na mbili anaanza kuitukana simu.

Pepo si Mangi, haweki daftari. Hajui umeshamuua mara ngapi, na yule wa 513 hana deni lako lolote. Ukiwachukua watu mia moja, kila mmoja akaua mapepo 512, watu 37 hivi watatoka mikono mitupu. Waache waendelee hadi 1,024, bado 13 au 14 hawajauona. Hakuna aliyeibiwa wala kurogwa, hesabu ndiyo ilivyo. Mimi mjeledi wangu wa kwanza ulianguka kwa pepo wa 1,107. Nilikuwa kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Nilipiga kelele, konda akadhani nimepitishwa kituo.

Kuna gemu ambazo daftari lipo, ila linauzwa. Genshin Impact, iliyotoka Septemba 2020, ina wahusika adimu ambao nafasi ya kumpata mmoja kwa kila bahati nasibu ni asilimia 0.6, na ukifika ya tisini bila kitu unapewa mmoja kwa lazima. Si lazima awe yule uliyemtaka. Bahati hizo zinanunuliwa kwa sarafu za gemu, sarafu hizo kwa sarafu nyingine, na nyingine hizo kwa pesa halisi, mpaka unapoteza hesabu ya shilingi zilizotoka. Januari 2025 wasambazaji wake nchini Marekani walikubali kulipa dola milioni 20 baada ya mamlaka ya biashara ya huko kuwatuhumu kwa kuwapotosha watoto kuhusu gharama halisi na nafasi ya kushinda. Gemu yenyewe kuipakua ni bure. Bure ya namna hiyo tunaijua.

Dhana: Ukikwama, tatizo ni bando lako

Wakati mwingine, ndiyo. Lakini kila unachobonyeza lazima kifike kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha gemu, kisha jibu lirudi, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo za waya wa baharini husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 7,500. Kwenda na kurudi 15,000. Gawanya: milisekunde 75. Hapo waya uwe umenyooka kama rula, wakati kiukweli unazunguka pwani za mabara. Kwa hiyo anayekuambia ununue bando kubwa zaidi ili upanga wako uwahi kule Ulaya anakuuzia ndoo kubwa ukiwa na kiu ya haraka. Kasi ya kupakua na umbali wa kwenda na kurudi ni vitu viwili.

Ndiyo maana sisi wa huku tunaipenda hii gemu kongwe. Inapiga hatua moja kila sekunde 0.6, na kuchelewa kwa milisekunde 150 au 200 kunamezwa humo humo. Gemu za papo kwa papo hazina huruma hiyo: unaona upanga unashuka, unaruka pembeni, kumbe kule kwenye seva ulishakufa zamani, mwili ndio haujapata taarifa. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, hata sekunde 0.6 hazikusaidia. Tulisimama tu pangoni kama sanamu.

Dhana: Mwenye gemu ana mamlaka juu ya kila kinachotokea ndani

Angependa iwe hivyo. Juni 2006, mchezaji mmoja wa RuneScape alifika levo 99 ya ujenzi, ya juu kabisa, kabla ya mtu mwingine yeyote, akaalika watu kwenye nyumba yake ya ndani ya gemu kusherehekea. Wakafurika, seva ikalemewa, akawatoa wote kwa mkupuo. Waliokuwa kwenye ulingo wa ndani ya nyumba wakatoka nje wakiwa bado na uwezo wa kupiga, mahali ambapo hakuna ruhusa ya kumpiga mtu. Mmoja wao akaenda mji wa Falador akawaua watu ambao hawakuweza hata kurudisha kofi. Vitu vyao vikabaki chini.

Mwaka uliotangulia, Septemba 2005, kwenye gemu nyingine, World of Warcraft, ugonjwa uliotengenezwa ubaki ndani ya pango la zimwi mmoja ulitoka na wanyama wafugwa wa wachezaji, ukaingia mijini na kuwaua wanyonge kwa vipindi. Wengine walikimbilia vijijini, wengine walijitolea kuponya, na wapo walioueneza makusudi. Mwaka 2007 wataalamu wa magonjwa ya mlipuko waliuandikia makala kwenye jarida la Lancet la magonjwa ya kuambukiza.

Dhana: Hatari iko kwenye majoka

Joka lina ratiba. Ukijua linatema moto lini, unasimama pembeni unakula samaki wako. Mtu hana ratiba.

Kwenye gemu yetu kuna deraya zenye mapambo ya dhahabu ukingoni. Jamaa alinifuata sokoni akaniita ndugu, akasema yeye ni fundi wa levo ya juu, nimpe deraya yangu anitilie mapambo bila malipo. Aliitilia ya mwenzake mbele yangu. Mwenzake alikuwa yeye mwenyewe kwa akaunti ya pili, lakini hilo nililijua baadaye. Ukweli ni kwamba hakuna fundi anayeweza kutia mapambo hayo. Yanapatikana kwenye misako ya hazina tu. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikampa.

Wengine wanasimama benki wanatangaza: nipe milioni moja nikurudishie mbili. Ya kwanza wanarudisha kweli, na hata ya pili. Waliopitia upatu wa DECI mwaka 2009, ile ya kupanda mbegu na kuvuna, hawahitaji kuelezwa inayofuata. Na yule anayekutumia ujumbe kwamba akaunti yako itafungwa usipoingia kupitia kiungo hiki ni pacha wa "ile pesa tuma kwenye namba hii".

Mimi kibaya zaidi kilinipata nje ya gemu kabisa. Kompyuta moja ya cyber ilikuwa imewekewa kitu kinachonakili kila unachobonyeza. Kesho yake niliingia nikamkuta mhusika wangu amesimama pale pale nilipomwacha, na kaptura tu.

Na wanaouza dhahabu ya gemu kwa pesa halisi, si wote ni programu za kompyuta zinazojichezesha au wezi. Uchumi wa Venezuela ulipoanguka, watu wa huko walishinda wakiua majoka ya kijani ili wapate chakula cha nyumbani. Sheria za gemu zinakataza, na wanavuruga bei sokoni, nakubali. Lakini kuna wachezaji waliofanya kuwawinda kuwa burudani, na hilo siwezi kulitetea.

Dhana: Vitu vya gemu si mali, haviibiwi

Mwaka 2007, mjini Leeuwarden, Uholanzi, vijana wawili walimpiga mvulana wa miaka 13, wakamtishia kwa kisu, mpaka akaingia kwenye akaunti yake ya RuneScape na kuwaachia hirizi na kinyago. Utetezi ukasema: vitu hivyo havishikiki. Tarehe 31 Januari 2012 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ilisema ni wizi, kwa kuwa mvulana alitumia muda na jasho kuvipata na vilikuwa mikononi mwake.

Usifurahi mapema, maana mbele ya kampuni hali ni nyingine: masharti uliyoyabonyezea "nakubali" yanasema vitu hivyo umekodishiwa tu. Siku gemu ya City of Heroes ilipozimwa, 30 Novemba 2012, mashujaa wote walizimika nayo, waliolipiwa na wasiolipiwa. California tangu Januari 2025 inayalazimisha maduka ya mtandaoni ya bidhaa za kidijitali yamwambie mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni.

Dhana: Anayecheza saa nyingi ni mgonjwa

Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa michezo ya kidijitali kwenye orodha yake, inayotumika tangu 1 Januari 2022. Lakini kipimo chake hakihesabu saa. Kinaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, gemu imepita kila kitu kingine maishani, na anaendelea hata inapomharibia, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mengine ni uvivu, au ni ile kazi ya kurudiarudia ambayo gemu hizi zimejaa. Wageni hudhani levo 92 iko jirani na 99. Kufika 99 kunahitaji pointi 13,034,431, na 92 ni nusu ya safari. Mimi kwenye uvuvi nipo 87. Zimebaki milioni 9 na ushee, na samaki mmoja mmoja.