Kondomu iliachwa lini?

Ukitaka kujua kama mapenzi yamekolea, uliza kondomu iliachwa lini. Katika chumba chetu cha ushauri nasaha majibu yanafanana: tulipohamia chumba kimoja, aliponipeleka kwao, alipoanza kunilipia kodi. Ni wachache mno wanaosema, “Tulipopima wote wawili.”

Hayo ni majibu ya watu wenye akili timamu. Kondomu kwao ni ya mtu usiyemwamini, na mtu mliyechangia godoro na sufuria huwezi kuendelea kumshuku. Lakini kuaminiana kwa leo hakufuti ya mwaka jana. Mtu anaweza kuwa ametulia kabisa na mwenzake huku akiwa na virusi vya UKIMWI (VVU) alivyovipata kabla hawajaonana. Tena katika wiki za mwanzo za maambukizi virusi huwa vingi sana mwilini, na kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha hana, hadi miezi 3 ipite. Wapenzi wa miezi 2 wanaotupa kondomu wako pabaya kuliko wanavyodhani.

Umaskini huongeza fundo jingine. Chukua mialo ya Ziwa Victoria, fukwe wanakoshushia samaki. Mvuvi hufuata samaki kisiwa kwa kisiwa, mke kabaki na watoto. Mchuuzi wa dagaa naye anahitaji mtu wa uhakika wa kumpa mzigo hata siku samaki wakiwa haba. Upande wa Kenya mvuvi wa namna hiyo huitwa jaboya: hutoa samaki, na mwili ni sehemu ya malipo. Wa nje huuona huo kuwa ukahaba. Wenyewe wengi huuona kuwa uhusiano, unaodumu msimu hadi msimu, wenye kujuliana hali na kukopeshana. Na kwa kuwa ni uhusiano, kondomu nayo huachwa, kama ilivyoachwa nyumbani. Hapo mtu mmoja ana watu wawili anaowaamini, na virusi vina njia mbili.

Kampeni ya “Wacha mpango wa kando” iliyorushwa Kenya mwaka 2009, na “Tuko wangapi? Tulizana” ya Tanzania, zililenga mtandao huo wa wapenzi. Zilifanya kazi nzuri. Ila kumwambia mama mwenye watoto wanne adai kondomu, wakati anayedaiwa ndiye mwenye hela ya unga, ni ushauri rahisi ukiwa umekaa ofisini chini ya feni. Akiomba, ataulizwa: “Kwani wewe umeanza lini?” Anayeomba kinga ndiye anayegeuka mshukiwa.

Mapenzi ya kudumu yana upande wake wa neema pia. Utafiti wa HPTN 052 ulifuatilia jozi 1,763 za wenza katika nchi 9, Kenya ikiwemo, ambapo mmoja ana VVU na mwingine hana. Kuanza mapema dawa za kufubaza VVU kulipunguza maambukizi kati ya wenza hao kwa asilimia 93. Anayemkumbusha mwenzake kidonge cha usiku, au kumtafutia nauli ya kwenda CTC, kliniki ya huduma na dawa za VVU, anajikinga na yeye mwenyewe. Lakini utafiti huohuo ulichunguza vinasaba vya virusi katika maambukizi mapya 72, na 26 kati yake hayakutoka kwa mwenza aliyejulikana. Yalitoka nje.

Kwa hiyo usipime kwa kutumia majibu ya mwenzako. Wenza wanaweza kulala pamoja miaka na majibu yakatofautiana. Nendeni wote. Mmoja akikutwa na VVU, aanze dawa bila kuchelewa. Tanzania tangu 2016 hasubiri tena CD4, chembe za kinga ya mwili, zishuke. Mwenzake asiye na VVU aulizie dawakinga (PrEP), dawa za kumkinga asiambukizwe, na kondomu ziendelee mpaka kipimo cha wingi wa virusi kithibitishe vimefubaa. Dada unayeogopa kupigwa, mwambie muuguzi mkiwa wawili tu, kabla mume hajaingizwa. Zipo njia za kumwita baba kliniki bila kukutaja, hasa ukiwa mjamzito.

Na kama mmeanzana karibuni na wote hamkukutwa na virusi, mwombeni mhudumu awaandikie tarehe ya kurudi baada ya miezi 3. Kondomu mtakazoondoka nazo siku hiyo zitoshe mpaka tarehe hiyo.