Meno ya mbele yakinyooka, kazi haijaisha

Wengi huamini kwamba meno ya mbele yakishanyooka, vyuma vya kupanga meno vitolewe. Imani hii inaeleweka, maana kioo huonyesha meno ya mbele tu. Lakini daktari wa kupanga meno huanza kupima nyuma, kwenye magego.

Mwaka 1899, daktari wa meno Mmarekani Edward Angle alieleza kipimo kinachotumika hadi leo: kinundu cha mbele cha gego la kwanza la juu, upande wa shavuni, kikae kwenye mfereji wa gego la kwanza la chini. Mwaka 1972 Lawrence Andrews, naye daktari wa kupanga meno, alichapisha uchunguzi wa vielelezo 120 vya plasta, vya meno mazuri ambayo hayajawahi kupangwa. Akakuta sifa sita: magego yanakutana vizuri, kila jino limeinama kwa kiasi chake kuelekea pembeni, na pia kuelekea mdomo au ulimi, hakuna jino lililozunguka, hakuna mianya, na mstari wa kutafunia unakaribia kuwa bapa.

Kwa hiyo daktari akiongeza miezi wakati tabasamu limeshapendeza, mara nyingi anarekebisha jinsi meno yanavyokutana. Mwombe akuonyeshe vipimo vyako. Ni haki yako kuvielewa.