Je, wajua? Ndani ya kamera ya sinema, filamu husimama mara 24 kila sekunde

Kwa miaka mingi niliamini kwamba filamu, ule utepe wa kunasia picha, hupita nyuma ya lenzi bila kusita, kama utepe wa kaseti. Sivyo. Sinema ni mfululizo wa picha za mnato, na picha ya mnato inataka utulivu. Filamu ingepigwa mwanga huku inatembea, kila uso ungetoka umeburuzwa, kama wino mbichi uliopitiwa na kidole. Ndiyo maana filamu ya milimita 35 huvutwa, ikasimama, ikapigwa picha, ikavutwa tena. Kasha la futi 1,000 huisha kwa dakika 11 hivi, na kufikia hapo filamu imesimama mara 16,000!

Mtazame fundi cherehani. Sindano ikizama, kitambaa kimetulia. Ikipanda, meno ya chini huinuka, yakasogeza kitambaa hatua moja, kisha yakazama na kurudi yalikotoka. Kamera nayo ina ukucha wa chuma: huingia kwenye matundu ya pembeni mwa filamu, ukaishusha matundu manne, ukachomoka. Filamu inaposogea, kisahani cha nusu duara kinachozunguka huziba mwanga. Ikitulia, upande ulio wazi unafika. Kila picha hupata mwanga kwa takriban 1/48 ya sekunde. Husimuliwa kwamba Louis Lumière wa Ufaransa, aliyetoa kamera yake mwaka 1895, wazo hili alilitoa kwenye cherehani. Ni simulizi tu, lakini mitambo yenyewe inafanana mno.

Roli huzunguka mfululizo huku ukucha ukivuta kwa kushtua, kwa hiyo filamu huachwa na vitanzi vilivyolegea juu na chini ya lenzi. Bila hivyo ingechanika.

Linalonishangaza zaidi lilikuja na kamera ya Arriflex 35 ya Ujerumani, mwaka 1937. Kisahani chake kilikuwa kioo: kikiziba filamu, kinaurusha mwanga uleule kwenye jicho la mpiga picha. Maana yake, yeye huona pale tu filamu isipoona. Ndiyo sababu bunduki ikifyatuliwa mbele ya kamera ya aina hii, na mpiga picha akauona vizuri mmweko wake, hulazimika kuomba tukio lirudiwe: huenda kwenye filamu haumo.