Je, wajua kwa nini aliyenunua bati za shule haruhusiwi kuzipokea?

Mwishoni mwa mwaka 2021 Tanzania ilianza kujenga madarasa 15,000 kwa mpigo, yawe tayari kabla ya muhula wa Januari 2022. Pesa ilitoka kwenye mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Utaratibu uliotumika sana ni ule uitwao fosi akaunti: pesa inaingia kwenye akaunti ya shule, shule inanunua vifaa yenyewe, na fundi wa hapo hapo analipwa ufundi tu.

Gharama inapungua, maana hakuna faida ya mkandarasi. Lakini mkandarasi hulipwa pia kwa kubeba hasara. Ukuta ukipata nyufa ndani ya kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya jengo kukabidhiwa, anaurudia kwa gharama zake, na halmashauri huwa bado imezuia sehemu ya malipo yake. Ukimwondoa, mzigo huo unabaki kwa mwalimu mkuu, aliyesomea kufundisha, na kwa wanakijiji.

Ndiyo maana zinaundwa kamati tatu zenye watu tofauti. Ya manunuzi inatafuta bei, ya ujenzi inasimamia fundi, na ya mapokezi inahesabu na kukagua kila kinachoshushwa. Aliyepatana bei na mwenye duka hapaswi kuwa ndiye anayesaini kwamba mzigo umefika kamili.

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya mapokezi. Jioni moja lori lilileta bati, giza linaingia, dereva ana haraka. Mzee mmoja, seremala mstaafu, akaomba tochi asome maandishi yaliyogongwa kwenye bati. Hati ya mzigo ilisema geji 28, geji ikiwa kipimo cha unene wa bati. Bati zilikuwa geji 30. Kwenye geji, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, na kwa macho tu, zikiwa zimefungwa, huwezi kuzitofautisha. Hatukusaini. Lori liligeuza na mzigo wake, na hadi leo nikipita pale naliangalia lile paa kwanza.

Vifaa vikishapokelewa, hatari inahamia kwenye zege. Ukiambiwa kokoto mbili kwa mchanga mmoja, kipimo ni ndoo au sanduku. Koleo hudanganya, kwa kuwa koleo la asubuhi na la saa nane mchana, fundi akiwa amechoka, hayalingani. Zege likishamwagwa linahitaji kumwagiliwa maji walau siku saba, na nguvu yake hupimwa ikitimiza siku 28. Hapo ndipo haraka ya kuwahi muhula inapoumiza. Fundi hulipwa kwa hatua, msingi, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupaua, na malipo ya hatua yasitoke kabla mhandisi wa halmashauri hajafika kukagua. Mhandisi huyo mara nyingi ana shule nyingi za kuzungukia.

Kuna jambo kamati haziwezi kulitatua hata zikiwa makini. Milioni 20 zilikuwa zile zile kwa shule iliyo karibu na kiwanda cha saruji na kwa shule ya kisiwani Ziwa Victoria, ambako kila mfuko unavushwa kwa boti. Wananchi hujitolea mawe, mchanga na kuchimba msingi, lakini nauli ya boti hulipwa kwa pesa taslimu. Naamini nauli hiyo ilipaswa kuhesabiwa kwanza, kabla mgawo haujatumwa.