Namba ya rivolva ya kale haina jina la askari

Wiki hii tu nimetumiwa namba tatu za rivolva, zile bastola za silinda inayozunguka. Namba tupu, hakuna picha, hakuna hata salamu, na swali ni lilelile: "hii ilikuwa ya nani?" Jamani.

Hili ndo linanichosha kuliko yote. Watu wanaamini namba iliyogongwa kwenye rivolva ya jeshi ni kama kitambulisho, unaiingiza kwenye kompyuta mahali fulani linatoka jina la askari, cheo na vita aliyopigana. Hamna. Kiwanda kiligonga ile namba kwa hesabu zake chenyewe, na daftari likibahatika kuwepo bado, litakwambia bastola ilitoka lini na ilipelekwa kwa nani, na huyo "nani" kwa silaha za jeshi kwa kawaida ni serikali au ghala lake, sio koplo fulani. Mtu analipia barua ya kumbukumbu za viwanda vya Marekani, Colt au Smith & Wesson, anasubiri, inakuja na tarehe, aina, urefu wa mtutu na kule mzigo ulikopelekwa, basi, halafu ananinunia mimi kana kwamba jina nimelificha mfukoni. Na hapo bado: kutoka ghalani inaenda kikosini, inagawiwa, inarudishwa, inatengenezwa, anapewa mwingine. Bastola moja inaweza kushikwa na watu kumi, wewe unataka babu mmoja tu, tena shujaa.

Kinachosogeza karibu na mtu ni alama zingine. Reichsrevolver, rivolva za jeshi la Wajerumani, modeli za 1879 na 1883, nyingi zimegongwa alama za kikosi kwenye chuma cha mpini, na kwa hiyo unaweza kufuata historia ya kikosi. Maofisa wa Uingereza nao walikuwa wananunua rivolva zao wenyewe dukani, ndo maana Webley (rivolva ya Kiingereza) ya ofisa inaweza isiwe na ule mshale unaogongwa kama alama ya serikali ila ikawa na jina la duka au herufi za mwenyewe. Hapo ndo pa kuanzia.

Na hiyo namba yenyewe mnaikosea! Kuna mmoja alifungua silinda ya Smith & Wesson, akasoma namba ndani ya fremu, tukahangaika nayo siku mbili. Ile ni ya mafundi wa kuunganisha. Geuza bastola, angalia kitako cha mpini, kwenye Victory, modeli yao ya vita ya pili ya dunia, utaikuta pale penye pete ya kamba, na ile V ya mbele ni sehemu ya namba, usiiache. Ila kabla ya yote hakikisha silinda haina risasi.

Mwaka ulioandikwa ndo mwaka wa kutengenezwa? Sio lazima. Colt ya modeli ya 1873 unaweza kuikuta na 1871, 1872 na 1875 ubavuni, hizo ni tarehe za hataza, yaani haki ya uvumbuzi (patent). Ila ile rivolva ya Wafaransa ya modeli ya 1892, mwaka ulio ubavuni mwa mtutu ni wa kutengenezwa kweli.

Mshale wa Waingereza haumaanishi ilipigana. Unamaanisha mali ya serikali, huenda ilikaa ghalani miaka yote. Ukiona mishale miwili imegusana ncha, serikali iliishaiuza.

Namba za vipuri vya bastola moja kutofanana sio lazima feki. Colt za 1873 zinazoitwa Artillery, serikali ya Marekani ilizipunguza mitutu kutoka inchi 7.5 hadi 5.5 kuanzia 1895, na mafundi wakachanganya vipuri, kwa hiyo mchanganyiko kwenye hizo ni kawaida kabisa.

Webley ya risasi za .455 ambayo silinda yake imepunguzwa kwa nyuma ilifanyiwa hivyo iingie risasi za Kimarekani za .45 ACP. Usijaribu kuifyatua, presha ya zile risasi inaizidi.

Vikato kwenye mpini kwamba ni hesabu ya waliouawa... kisu na mchana mrefu wa kukaa bure vinatosha kuvichonga.

Halafu msisugue! Juzi nimeletewa Webley inang'aa kama sufuria jipya, mwenye nayo anatabasamu, kaipiga msasa "isomeke vizuri". Nikaiinamisha kwenye taa upande huu na upande ule, penye mhuri wa mkaguzi pamebaki ukingo wa taji tu. Tochi ya pembeni na unga wa chaki ingetosha.