Je, wajua kwa nini miguu huganda ndani ya weda isiyovuja?

Anayevua kwa nzi bandia, yaani chambo kilichotengenezwa kufanana na mdudu, humfuata samaki kama trauti au samoni hadi katikati ya mto, na mara nyingi maji hayo hayafiki hata nyuzi 10 za Selsiasi. Ndiyo maana huvaa weda: suruali isiyopitisha maji, inayoanzia nyayoni na kuishia kifuani, ikishikiliwa na mikanda ya mabegani. Nusu saa baadaye vidole vya miguu havisikii kitu. Anaivua, anaikagua, haina tundu. Sasa baridi imepitia wapi?

Imepita kwenye kitambaa chenyewe. Kazi ya weda ni kuzuia maji. Kinachomtia mtu joto ni hewa iliyotulia kati ya ngozi na kitambaa. Maji hupitisha joto takriban mara 24 zaidi ya hewa, kwa hiyo hewa hiyo ikiondoka, mguu unabaki umetengwa na mto kwa kitambaa chembamba tu. Na mto ndio unaoiondoa. Ukisimama kwenye maji ya kina cha sentimita 60, kila sentimita ya mraba penye kifundo cha mguu inabanwa kwa uzito wa gramu 60 hivi. Jambo hili huonekana kwa macho: ukiingia tu, kitambaa kilichokuwa kikipwaya kinanywea na kushikana na shavu la mguu, na hewa inapanda kiunoni.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua weda, fikiria utavaa nini ndani yake. Unahitaji nguo inayobaki na hewa hata ikibanwa: sufu au flisi nene, kitambaa cha sintetiki chenye manyoya laini. Manyoya ya bata hubonyea na kuwa bapa, hayafai hapa. Pamba ni mbaya zaidi, maana hunywa jasho na kukaa nalo ngozini siku nzima.

Kisha uje kwenye kitambaa. Weda za neopreni, mpira wenye vipovu vya gesi vilivyofungiwa ndani, huwa na unene wa milimita 3 hadi 5. Vipovu hivyo havikimbii maji yakibana, ndiyo sababu neopreni ina joto lake yenyewe. Ila haipumui kabisa: tembea nayo kilomita mbili kufika mtoni na utaingia majini umeshalowa jasho, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha. Humfaa anayesimama mahali pamoja kwa muda mrefu au anayevua akiwa amekaa. Anayetembea kutoka kidimbwi hadi kidimbwi achukue weda ya nailoni au poliesta yenye utando unaopumua, kisha apange nguo ndani kulingana na siku.

Utando huo una vitundu vidogo kuliko tone la maji lakini vikubwa kuliko molekuli ya mvuke, kwa hiyo jasho hutoka likiwa mvuke. Wauzaji hawasemi sana kwamba hilo hufanyika vizuri ukiwa nchi kavu. Ndani ya mto kitambaa hupoa, na mvuke hugeuka matone upande wa ndani, kama yale yanayotokea kwenye chupa iliyotoka kwenye friji. Wengi huirudisha weda isiyo na tundu dukani wakidhani inavuja. Kuna njia ya kutofautisha: unyevu wa jasho hutandaa mapajani na magotini kote, ilhali wa tundu huanzia sehemu moja, huongezeka kadiri unavyokaa majini, na hutuama kwenye soksi.

Kipimo cha ukubwa ndipo pesa nyingi hupotea. Ijaribu ukiwa umevaa nguo zote za ndani. Chuchumaa hadi chini, halafu panda mguu mmoja juu ya kiti. Ikikuvuta mabegani au penye msamba, ni fupi, na mishono ya hapo itaachia mapema. Ikijikunja mikunjo mingi nyuma ya goti au kifundoni, ni ndefu, na mikunjo hiyo itasuguana hadi itoboke.

Miguu inahitaji uangalifu wa pekee. Weda nyingi huishia kwenye soksi ya neopreni, na buti huvaliwa juu yake. Soksi mbili nene ndani ya buti linalobana ni baridi kuliko soksi moja ndani ya buti lenye nafasi, kwa sababu kubanwa huipunguza hewa na kuizuia damu kwa wakati mmoja. Nunua buti ukiwa umevaa soksi ya sufu na weda yenyewe. Vidole vyote vicheze. Soli ya felti, yaani nyuzi zilizoshindiliwa pamoja, hushika vizuri mawe yenye utelezi, lakini hukaa na maji na vijidudu vya mto mmoja hadi mwingine. New Zealand iliipiga marufuku mwaka 2008 kwa sababu ya mwani vamizi. Kwenye theluji pia hukusanya madonge chini ya mguu. Mpira wenye misumari ya chuma ni chaguo bora kwa baridi.

Mkanda wa kiunoni usiache kamwe. Ukianguka, huchelewesha maji kuingia miguuni. Maji yaliyoingia hayakuzamishi, maana uzito wake ni sawa na yaliyo nje. Hatari iko kwenye mkondo, kwenye mshtuko wa baridi unaokukata pumzi dakika ya kwanza, na kwenye kujaribu kusimama ukiwa umebeba maji mazito kila mguu.

Weda ya utando ikivuja kweli, igeuze ndani nje ikiwa kavu kabisa na uinyunyizie spiriti ya kusafishia vidonda. Penye tundu patatokea doa jeusi dogo kama ncha ya kalamu. Anza na msamba, mapaja ya ndani na pale soksi inapoungana na mguu. Zungushia kalamu, acha spiriti ikauke, paka gundi ya poliurethani ipite ukingo wa tundu kwa nusu sentimita, kisha iache usiku kucha.